Randi Yako Inakwenda Wapi Katika Mashamba ya Kale ya Mizabibu ya Cape?

Kuanzia Machi 2025, kima cha chini cha mshahara Afrika Kusini kilikuwa randi 28.79 kwa saa. Hicho ndicho kiwango kilichomlinda kibarua aliyepogoa mizabibu huko Stellenbosch. Kuonja mvinyo wa aina tano au sita katika shamba lenye jina kubwa kunaanzia kama randi 100 na kupanda hadi 250 hivi, kabla hujaagiza hata kipande cha mkate. Kwa hiyo glasi zako chache ni jasho la nusu siku, na pengine la siku nzima. Sisemi haya ili kumkatisha mtu safari. Nataka tu tukifika pale langoni tuulize swali ambalo vipeperushi vya utalii havilijibu: fedha hii inanunua nini hasa?

Mashamba ya kale ya jimbo la Western Cape siku hizi yanauza vitu vitatu ndani ya furushi moja. Cha kwanza ni nyumba, yaani kuta nene zilizopakwa chokaa, paa la nyasi, na ule ukuta wa mbele uliopanda juu ya paa kwa mikunjo, ambao ndio alama ya ujenzi wa Waholanzi wa Cape. Cha pili ni udongo. Karibu kila shamba sasa linajinadi kwamba linahuisha ardhi yake kwa mifugo, mboji na mazao ya kufunika udongo. Cha tatu ni mvinyo wenyewe, ambao wakati mwingine ndio sehemu ndogo kabisa ya unacholipia. Ni mashamba machache yanayofanya yote matatu kwa kiwango kimoja, na bei haikwambii lipi linafanya kipi.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hesabu hii si ya ndoto. Watanzania na Wakenya wenye pasipoti za kawaida huingia Afrika Kusini bila viza kwa hadi siku 90. Wakenya walipata nafasi hiyo kuanzia Januari 2023. Kwa viwango vya mwaka 2025, randi moja ilikuwa takriban shilingi 7 za Kenya, au kati ya 140 na 150 za Tanzania. Gari huendeshwa kushoto kama kwetu. Gharama inayouma ni tiketi ya ndege. Ukishatua, Cape si ghali kama picha zake zinavyotisha, ilimradi ujue pa kwenda.

Tuanze na kongwe na lenye jina kuliko yote. Groot Constantia lilianzishwa mwaka 1685 na Simon van der Stel, gavana wa Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Mwaka 1778 lilinunuliwa na Hendrik Cloete, na mvinyo mtamu wa Constantia ukawa kinywaji cha wafalme wa Ulaya. Hata Napoleon alipokuwa kifungoni Saint Helena aliletewa. Lakini nyumba kubwa unayoipiga picha leo si ile ile aliyoishi Cloete. Mwaka 1925 paa la nyasi lilishika moto na nyumba ikateketea, kisha msanifu F. K. Kendall akaijenga upya akifuata sura ya zamani. Ndiyo kusema ukarabati wenyewe sasa una umri wa karne moja na umekuwa sehemu ya historia.

Thamani ya Groot Constantia kwa mgeni mwenye mfuko mwembamba ni kwamba shamba liko chini ya wakfu, halimo mikononi mwa familia ya tajiri, na nyumba ni makumbusho yanayosimamiwa na Iziko, taasisi ya makumbusho ya umma ya Cape Town. Maonyesho yake yanazungumzia utumwa wa mashambani. Watumwa wa Cape waliletwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na walikombolewa rasmi tarehe 1 Desemba 1834, wakalazimishwa kuwatumikia mabwana wao miaka minne zaidi kwa jina la mafunzo ya kazi. Hao ndio waliobeba chokaa, wakaezeka paa na kukanyaga zabibu. Shamba la kale lisilolitaja hilo limekuuzia nusu ya bidhaa kwa bei kamili. Groot Constantia linafikika kwa basi la watalii kutoka mjini, na kutembea katika viwanja vyake hakuhitaji hoteli wala mkataba wa chakula cha mchana.

Kwa wasiokunywa, na tuko wengi miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, bonde hili lina jambo jingine la bure. Kwenye lango la jirani, Klein Constantia, lipo kaburi la Sheikh Abdurahman Matebe Shah, mmoja wa wanazuoni walioletwa Cape kama wafungwa wa Waholanzi. Watu huenda kuzuru na kusoma dua, na hapahitaji tiketi ya kuonja chochote.

Sasa nyumba. Kwa nini ukarabati unapandisha bei ya chumba na sahani? Sheria ya Urithi wa Taifa ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 inataka kibali cha mamlaka ya jimbo kabla ya kubadili au kubomoa jengo lolote lenye zaidi ya miaka 60. Hilo ni karatasi na muda. Paa la nyasi huchoka na lazima liezekwe upya kila baada ya miongo michache, na kampuni za bima hazilipendi kwa sababu ya moto kama ule ulioiteketeza nyumba ya Groot Constantia. Ukuta wa matofali laini ya kale nao hautaki saruji. Yeyote aliyeona nyumba za Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar zikibanduka lipu baada ya fundi wa haraka kuzipiga saruji anaelewa: ukuta wa chokaa hupumua, na saruji huufungia unyevu ndani mpaka ukaoza. Fundi wa chokaa anachelewa na anadai zaidi.

Kwa hiyo ukiona shamba lililokarabatiwa vizuri, gharama ni ya kweli. Linalobaki ni kujua ilibebwa na nani. Boschendal, upande wa Franschhoek, ni mfano mzuri wa jinsi nyumba hizi zinavyopita mikononi mwa fedha kubwa. Shamba linahesabu asili yake tangu 1685, na nyumba kuu ilikamilika mwaka 1812. Mwishoni mwa karne ya 19, wadudu wa filoksera walipoangamiza mizabibu na wakulima wakafilisika, Cecil Rhodes alinunua mashamba ya bonde hilo na kupanda matunda. Baadaye lilikuja kuwa la kampuni ya madini ya Anglo American, iliyoikarabati nyumba. Tangu 2012 liko chini ya wamiliki wengine walioamua kuunganisha mambo mawili: kufufua majengo ya zamani, nyumba ndogo za wafanyakazi zikiwemo, na kufufua udongo kwa kundi la ng'ombe weusi aina ya Angus, bustani ya mboga na mboji.

Hapo ndipo pa kuuliza maswali. Nyumba nyingi ndogo unazolala kwa maelfu ya randi kwa usiku ziliwahi kuwa makazi ya vibarua. Kuzikarabati ni jambo jema kuliko kuziacha zianguke. Lakini mgeni ana haki ya kuuliza waliokuwa wakiishi humo wako wapi leo. Nimesikia maelezo marefu sana ya mbao za dari katika mashamba ya aina hii, na mafupi mno ya watu waliolala chini yake.

Udongo ndio mahali ambapo pesa hupotea kwa maneno matamu. Kilimo hai kina vyeti na masharti: hakuna mbolea za viwandani, hakuna dawa za magugu za kemikali, mkaguzi anakuja. Kilimo cha kuhuisha udongo hakina maana moja kisheria, na yeyote anaweza kuliandika neno hilo kwenye ubao wake. Kinachofanyika kwa mkulima wa kweli ni hiki. Mvua za Cape hunyesha wakati wa baridi, Mei hadi Agosti. Kabla yake, kati ya mistari ya mizabibu hupandwa shayiri, rai, maharage ya malisho na jamii zake. Mizizi inalegeza udongo, jamii ya kunde inaleta naitrojeni, majani yanazuia mmomonyoko. Majira ya kuchipua yakifika, mazao hayo hulazwa chini kwa rola yakawa matandazo, na udongo unabaki na unyevu kwenye kiangazi kikali. Ng'ombe au kondoo huingizwa kwa zamu, wengi kwa wakati mfupi, kisha huhamishwa ili nyasi zipumzike. Baada ya ukame wa miaka ya 2015 hadi 2018, mji wa Cape Town ulipokuwa ukihesabu siku za kukaukiwa mabomba, uwezo wa udongo kushika maji uligeuka kuwa hesabu ya kubaki hai kibiashara.

Spier, nje kidogo ya Stellenbosch, ndiko ninakompeleka mtu anayetaka kuona kazi hii kwa macho. Shamba ni la mwaka 1692, na ghala lake la mvinyo la mwaka 1767 ni miongoni mwa makongwe nchini. Familia ya Enthoven ililinunua mwaka 1993. Mtu aliyelipatia jina upande wa malisho ni Angus McIntosh, aliyeacha kazi ya udalali wa hisa London akaja kufuga. Ng'ombe walihamishwa kila mara kwenye malisho mapya, na nyuma yao yakaburutwa mabanda ya kuku yenye magurudumu. Kuku walichakura kinyesi, wakala mabuu ya nzi, wakatawanya mbolea, wakataga mayai. Hakuna siri ya maabara hapo. Mfugaji yeyote wa Dodoma au Kajiado angeielewa kwa dakika tano, kisha angeuliza kwa nini wazungu wanaiita mpya.

Faida ya Spier kwa mnunuzi ni ngazi zake za bei. Unaweza kutembea kando ya mto Eerste bila kulipa, ukanunua chakula cha kwenda kukalia nyasi, na mvinyo wake wa kawaida unapatikana madukani Afrika Kusini kwa chini ya randi 150 chupa. Liko karibu na uwanja wa ndege, kwa hiyo teksi haikukamui.

Babylonstoren ni habari nyingine. Shamba lilimilikishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1692, na wanandoa Koos Bekker na Karen Roos wakalinunua mwaka 2007. Bustani yake, iliyochorwa na Mfaransa Patrice Taravella, ina zaidi ya aina 300 za mimea inayoliwa au kutibu, na mgahawa umo ndani ya lililokuwa zizi. Ni pazuri, na uzuri wenyewe umepangwa mpaka ukingo wa njia. Kuingia mchana ni bei ya kawaida na asiyekunywa mvinyo hatakosa cha kufanya. Kulala ni zaidi ya randi 10,000 kwa usiku, na hapo unalipia macho zaidi kuliko udongo. Nikiwa na fedha zangu mwenyewe, ningeingia asubuhi, nikala kidogo, nikaondoka.

Vergelegen, Somerset West, halipigiwi kelele sana na ndiyo maana nalipenda. Lilianzishwa mwaka 1700 na Willem Adriaan van der Stel, mtoto wa yule Simon, aliyelijenga kwa mali na watumwa wa Kampuni ya Uholanzi hadi wakulima wenzake wakamshtaki na Kampuni ikamfukuza kazi. Miti mitano ya kafuri aliyoipanda bado imesimama, na mwaka 1942 ilitangazwa mnara wa taifa. Anglo American ililinunua mwaka 1987. Kazi yake kubwa ya ardhi haikuwa mizabibuni: zaidi ya hekta 2,000 za misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni inayonyonya maji ziling'olewa ili uoto wa asili, fainbosi, urudi na vijito vijae tena. Hilo halionekani ukiwa umeshika glasi. Kiingilio chake cha langoni ni kidogo, na kwa upande wangu, randi kwa randi, hakuna shamba la kale linalokupa zaidi.

Anayesafiri na watoto asipite shamba la Vergenoegd Löw bila kusimama. Bata wembamba zaidi ya elfu moja wa aina inayokimbia huachiwa mizabibuni kula konokono, badala ya sumu, na huandamana mbele ya nyumba ya mwaka 1773 iliyokarabatiwa. Kilomita chache kutoka hapo, huko Macassar, liko kaburi la Sheikh Yusuf aliyeletwa uhamishoni mwaka 1694 na kuishi katika shamba la Zandvliet. Kwa familia ya Kiislamu kutoka Mombasa au Tanga, bata na ziara vinaingia katika asubuhi moja.

Tukija kwenye chupa, jifunze kusoma stika. Ile ndogo ya shingoni yenye namba na maneno ya uadilifu na uendelevu imo kwenye sehemu kubwa ya mvinyo wa Afrika Kusini tangu mavuno ya 2010. Inathibitisha asili na viwango vya msingi vya mazingira. Si kipimo cha ubora wa juu. Stika ya mizabibu ya urithi inasema kitu kizito zaidi: mizabibu ina miaka 35 au zaidi, na mwaka wa kupandwa umeandikwa. Mizabibu mizee huzaa kidogo, hivyo bei hupanda kwa sababu inayoeleweka. Alama ya WIETA inahusu haki za wafanyakazi. Nchi hii iliwahi kuwalipa vibarua sehemu ya ujira kwa mvinyo, na madhara yake katika familia za mashambani hayajaisha, kwa hiyo mimi ningeitafuta alama hiyo kabla ya zote. Cheti cha Demeter ni cha kilimo cha baiodinamiki, aina ya kilimo hai chenye masharti makali zaidi. Shamba la Reyneke, karibu na Stellenbosch, ndilo lililotangulia nchini humo. Ama chupa nzito ya kioo kinene, hiyo ni uzito wa mzigo wako tu.

Na mzigo una sheria. Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kuingiza bila ushuru mvinyo usiozidi lita mbili. Chupa mbili za mililita 750 zinapita. Ya tatu inavuka kiwango. Kwa hiyo usiwasikilize wanaokuuzia kasha la chupa kumi na mbili kwa punguzo. Nunua mbili ambazo huwezi kuzipata Dar es Salaam au Nairobi, dai risiti ya kodi, na kama manunuzi yako ya kubeba yanazidi randi 250, omba kurudishiwa VAT ya asilimia 15 uwanjani kabla ya kuondoka. Watakata ada yao, lakini kinachobaki ni chako.

Malazi yana kanuni moja: lala mjini, tembelea shambani. Nyumba za wageni za Stellenbosch au Paarl kwa kawaida ni kati ya randi 1,000 na 1,800 kwa chumba. Ukitaka lazima kulala shambani, nyumba ndogo za Boschendal ukizigawana familia mbili ndizo zenye nafuu. Usiendeshe baada ya kuonja; kiwango cha sheria ni gramu 0.05 kwa mililita 100 za damu, na mashamba mawili yanatosha kukuvusha. Franschhoek kuna tramu ya mizabibuni tangu 2012, kwingineko teksi za programu za simu zinapatikana.

Msimu nao ni pesa. Wengi huenda Februari, wakati wa mavuno, bei zikiwa juu na ardhi kati ya mistari imekauka. Aliyekuja kuona udongo aende Julai au Agosti: vyumba vimeshuka bei, mazao ya kufunika yamefika magotini, mifugo iko mizabibuni, na mhudumu wa chumba cha kuonjea ana muda wa kujibu. Muulize hekta ngapi kati ya zote zinalimwa hivyo. Shamba lenye la kuonyesha litakutajia namba.

Asiyesafiri anaweza kufanya uchaguzi huu rafuni. Mvinyo wa Cape unaofika kwetu umeshabeba usafiri, ushuru na faida ya wakala, wakati Tanzania inatoza ushuru mdogo sana wa bidhaa kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani. Chupa ya mvinyo wa Dodoma kwa bei hiyo hiyo ina nafasi kubwa zaidi ya kumfikia mkulima.

Hukumu yangu basi ni hii. Mwenye siku moja na fedha kidogo aende Groot Constantia. Mwenye siku mbili aongeze Spier kwa ajili ya udongo. Vergelegen ndilo ningerudi kwa hiari yangu. Boschendal ni kwa kundi linalogawana gharama, na kulala Babylonstoren ni kwa mtu ambaye bili analipiwa na mwingine.